Jahazi la Lamu used? Usitume hata mia kabla hujaushika mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa

Mkuu, umeuliza kuhusu kununua hilo jahazi la Lamu used, usitume hiyo laki tano ya advansi. USITUME. Posti yako nimeisoma nusu tu, nilipofika pale "limepigwa deheni ya kuziba chini juzi, lipo majini tayari, dalali anasema kuna mzungu anakuja kulichukua Ijumaa" nikaacha chai. Huyo mzungu wa Ijumaa namfahamu. Na mimi niliambiwa habari zake, mwaka wa sita huu hajafika.

Nilikuwa kama wewe kabisa. Sitaki mashua ya injini, sitaki faiba, nataka jahazi la Lamu lenyewe, mbele limesimama wima kama ukuta, siyo ya Unguja yaliyolala kwa mbele. Siku hizi kuliona linakwenda kwa tanga tupu ni bahati, ndiyo maana ukilipata unapofuka. Mimi nililikuta kwenye mkono wa bahari huko upande wa Tanga, maji yamejaa, limeelea limetulia, rangi mbichi, ukingo wa majini jeupe pee kwa deheni, mlingoti umeinama kidogo kwa mbele kama unaniamkia. Nikatoa milioni 11 siku ileile. Mke wangu mpaka leo analiita "mke mwenzangu", na kusema kweli matumizi lilikula kumzidi.

Sasa sikiliza kosa lilipo. Nililiona likiwa majini. Basi, ndiyo hilo tu. Nilipanda juu, nikagonga mbao za ubavuni, nikakagua foromali, ule mti unaobeba tanga, nikavuta kamba, nikajifanya nahodha. Chini sikuona kitu kwa sababu chini kulikuwa na maji na chini ya maji kulikuwa na deheni mpya, na deheni mkuu ni chokaa na mafuta, inaziba kila kitu, hata dhambi. Dalali akaniambia "mkuku ni mvule mtupu bosi, huu utakuzika wewe". Karibu unizike kweli.

Tukaondoka na kaskazi kuelekea Bagamoyo. Tulipoipita Pangani kijana mmoja anasema maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo, yamekuwa mengi, nikamwambia chombo cha mbao lazima kinywe kidogo, nimeshakuwa mtaalamu tayari. Saa mbili baadaye tunafua maji watu watatu kwa ndoo, upo wenyewe, ile kata ya kufulia maji, ulishavunjika, na mimi nasoma dua nilizozisahau tangu madrasa. Tukalipandisha mchangani salama. Maji yalipokupwa tukaliegemeza kwa magadi, yaani miti ya kulizuia lisianguke, akaja mzee mmoja fundi wa vyombo, hakuuliza hata jina langu, akalala chali chini ya mkuku na kisu cha kawaida cha jikoni. Akakichoma. Kikaingia mpaka kwenye mpini. Mzee akacheka, mimi nikakaa chini.

Ndani mkuku ulikuwa kama masega ya nyuki. Wale wadudu wa baharini wanaokula mbao wanaingia wakiwa wadogo mno, kwa nje unaona kitundu cha ncha ya sindano, wakishakuwa ndani wananenepa na kuchimba njia ya unene wa kidole. Kwa hiyo nje mbao nzima, ndani hewa. Na wanapenda mkuku kwa sababu kila chombo kikikaa mchangani deheni ya pale chini inakwanguka, mbao inabaki uchi. Ndiyo maana wenye vyombo wanaojitambua wanavipandisha kila baada ya muda, wanawasha makuti chini yake kuwaua wadudu, halafu wanadeheni upya. Huyu aliyeniuzia mimi aliruka hiyo ya moto akaenda moja kwa moja kwenye kupaka, kama mtu anayejipulizia pafyumu bila kuoga.

Sasa utasema si unabadilisha mkuku. Mkuu, mkuku ndiyo unaolazwa wa kwanza, fashini, ile miti ya mbele na nyuma, zinasimama juu yake, mbao zinaanzia kwake. Na mafundi wetu hawana michoro, wanapima kwa jicho, kwa hiyo hakuna pa kwenda kuagiza spea. Niliambiwa milioni 17 na mbao nitafute mwenyewe. Mvule wa urefu ule, ulionyooka! Nilizunguka miezi minne.

Na yule "fundi" aliyeletwa na dalali kunihakikishia, aliyegonga mbao mbili akasema "hiki chuma", nilikuja kusikia ni shemeji yake. Simu zangu hapokei. Huyo dalali wako naye kama anavaa kofia ya bluu na anakuita "bosi wangu wa moyoni", niandikie inbox haraka.

Kwa hiyo fanya hivi. Subiri bamvua, mwezi mpya au mpevu, siku hizo maji yanakupwa sana. Mwambie mwenye mali alilaze kwenye mchanga mkavu. Nenda na fundi WAKO, umtafute wewe, umlipe wewe, nauli wewe. Bebeni kisu. Mkwangue deheni kiganja kimoja sehemu tatu: chini ya mkuku katikati, pale mkuku unapokutana na fashini ya nyuma, na ule ubao wa kwanza juu ya mkuku. Chomeni. Vuteni na msumari mmoja, ukitoka kwa vidole ni kutu tupu hiyo. Mwenyewe akisema "utaniharibia rangi", ondoka, hata soda usinywe.

Uliuliza pia kuhusu kibali cha kubeba watalii na tanga la turubai au la pamba, na kitu gani kingine sijui. Hayo wadau wengine watakuja kukujibu. Leo ni tarehe ngapi ya mwezi? Hebu angalia juu usiku huu, na huyo mzungu mwache achukue tu.