Jibu: Kutoka uuguzi kwenda utafiti wa afya ya ngono

Dada, umeuliza kama muuguzi wa diploma aliyeko Kongwa anaweza kuwa mtafiti wa mambo ya ngono na magonjwa ya zinaa, na kama kweli ni kazi ya aibu kama wanavyosema nyumbani.

Si aibu hata kidogo. Mwaka 1995 yalitoka matokeo ya utafiti wa vijijini Mwanza: zahanati zilipoboresha tiba ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban 40%. Dunia nzima iliusoma. Yote yalitokana na wanavijiji waliokubali kuulizwa mambo ya siri.

Shahada utaihitaji, ya uuguzi au afya ya jamii, na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) unayo jirani. Uzamili utafuata. Ila usisubiri vyeti: NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wakitangaza nafasi za wadadisi, yaani wanaohoji watu, wa tafiti za afya, omba. Huko ndiko utajifunza kazi yenyewe. Mwanamke huulizwa na mwanamke, faragha, mbali na mume na mama mkwe. Jina lake halichanganywi na majibu, na akikataa swali unaliruka bila kununa. Kama unaongea Kigogo, hiyo ni mali. Bibi wa kijijini hatakufungulia moyo kwa Kiswahili cha ofisini.

Utafiti wako mwenyewe utahitaji kibali cha maadili, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) wakiwemo. Husumbua, lakini kinamlinda anayekuamini.

Wazazi waambie unachunguza kwa nini watu wanaugua. Ndiyo kazi yenyewe.