Swali la wiki: Duka gani la familia unalikubali? Mi nasema Mellerio

Mmeuliza wiki hii ni duka gani kongwe la familia tunalikubali, naona wengi mtakimbilia masonara wa Cartier, sawa, ila ukoo wa Cartier ulishauza zamani, na Bulgari nao wakachukuliwa na LVMH, kampuni kubwa ya bidhaa za kifahari, mwaka 2011. Mi nabaki na Mellerio wa Paris, masonara wa ukoo mmoja tangu 1613.

Asili yao ni Italia, kijiji cha Craveggia huko milimani, watu wa huko walikuwa wanakuja Ufaransa kusafisha mabomba ya moshi. Wenyewe wanasimulia kwamba mwenzao mmoja akiwa ndani ya bomba alisikia watu wanapanga kumuua mfalme Louis XIII, kipindi hicho bado katoto, akaenda kusema, na mama mfalme Marie de Médicis akawashukuru kwa kuwapa kibali. Hiyo ya bomba naona imetiwa chumvi, lakini kibali kweli walipewa, na kiliwaruhusu nini sasa? Kutembeza vidude vidogovidogo nchi nzima, vya kioo na mapambo madogomadogo! Yaani walikuwa wamachinga tu, ila wenye karatasi ya ikulu, nani atawanyang'anya mzigo.

Wakapanda taratibu, kizazi baada ya kizazi, mpaka Marie Antoinette mwenyewe akanunua bangili kwao, halafu yakaja mapinduzi ya 1789, malkia akakatwa kichwa na matajiri wakatawanyika, duka la vito hapo si ndo basi tena? Wapi, mwaka 1815 wakahamia Rue de la Paix namba 9 na jina lao bado liko palepale.

Na nyie wa mpira mnawajua bila kujijua, maana Ballon d'Or, ile tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, ni kazi yao. Acheni kubishana vijiweni, ile siyo dhahabu tupu, ni shaba iliyochanganywa na zinki, inagongwa vipande viwili vya nusu duara, vinaunganishwa, mishono ya mpira inachongwa kwa mkono taratiiibu, ndo mwisho inachovywa dhahabu. Ile aliyobeba George Weah mwaka 1995, Mwafrika pekee mpaka leo, ilitoka kwenye karakana ya ukoo huohuo wa wasafisha mabomba.

Hata kombe la wanaume pale Roland Garros ni la kwao, ila tenisi niwaachie wenyewe.