Kabla hujabomoa uso wa zege wa jengo lako la zamani

Nafanya ukarabati wa maghorofa ya zamani hapa Dar na wenye majengo karibu wote wananiuliza kitu kimoja, zege la mbele linabanduka, nondo ziko nje, si bora tung'oe yote tuweke vioo na aluminiamu? Mimi nawaambia subirini kwanza.

Naongelea yale majengo ya miaka ya 50 mpaka 70, yenye matofali ya matundu na vile vibao virefu vya zege vya kukinga jua, vilivyomwagwa chini kwenye kalibu vikakomaa ndo vikapandishwa kufungwa juu. Waliovichora walilijua jua letu. Upepo unapita, jua la saa tisa haliingii ndani, ukiviondoa ukaweka vioo mpangaji ataumia na bili ya AC kila mwezi.

Tatizo lake mara nyingi ni nondo. Vipande ni vyembamba, zege la kuifunika nondo ni kidogo mno, kaboni dayoksaidi ya hewani inapenya taratibu miaka na miaka inamaliza ile alkali inayokilinda chuma, na huku pwani kuna chumvi ya bahari juu yake, basi nondo inashika kutu, kutu inavimba kuzidi chuma chenyewe na zege linapasuka. Ukiona ufa umenyooka kuifuata nondo usikubali kabisa fundi azibe kwa plasta na kupiga rangi! Kutu itaendelea kula ndani kwa ndani mpaka kipande kidondoke, na chini pale wanapita wanafunzi, wamekaa mama ntilie.

Chukua nyundo ndogo, gonga kipande kimoja kimoja, panapolia kama debe tupu weka alama. Pabanjue kidogo upulizie fenolfthalini, dawa ya kupimia alkali, zege likigeuka rangi ya waridi alkali bado ipo, lisipobadilika imeshaisha. Ila dawa hiyo haionyeshi chumvi, kwa hiyo vumbi la zege lipelekwe maabara pia. Jengo zima kuharibika ni nadra, mara nyingi nakuta upande wa baharini umechoka na pande nyingine bado nzima.

Kukarabati ni kuchonga mpaka nyuma ya nondo, kusugua kutu yote, kupaka dawa ya kuzuia kutu na kujaza mota maalum ya kukarabati zege. Kilichokufa kabisa unatoa kalibu kwenye mwenzake mzima unamwaga kingine, na mchanga wa baharini usiguse hapo. Vipande vinajirudia, kalibu moja inakutolea vingi, ndo maana naumia nikisikia mtu kaambiwa haiwezekani. New Haven kule Marekani jengo la Pirelli lililochorwa na msanifu majengo Marcel Breuer, la 1970, lilikaa tupu miaka mingi na sehemu yake ya chini ikabomolewa kupisha paking, lakini mnara na paneli zake za zege ukabaki na 2022 ukafunguliwa kama hoteli.

Kama kubomoa ni lazima, injinia aseme kwanza kipande kipi ni pambo tu na kipi kimebeba jengo. London mwaka 1968 ghorofa la Ronan Point, lililojengwa kwa paneli za kuunganisha, gesi ililipuka ghorofa ya 18 ukuta mmoja ukatoka na kona nzima ikashuka, wakafa watu wanne. Walipokuja kulibomoa 1986 wakalifungua kipande kwa kipande, wakakuta baadhi ya maungio yamejazwa magazeti badala ya zege. Kwa hiyo usiamini michoro peke yake, fungua maungio machache uangalie, anza juu kwenda chini, na kipande kishikwe na kreni kwanza ndo vifungo vikatwe.

Na kabla ya yote hayo piga picha, chukua vipimo, tenga vipande vichache vizima. Vihifadhi vimesimama juu ya mbao, ukivilaza vinapasuka katikati.