Nimekula mahari bila kujua

*Shangazi, naishi Kayole, Nairobi, na binti ya kaka yangu, miaka 16, anasoma shule ya kutwa. Juzi kaka alinitumia shilingi 10,000 kwa M-Pesa, nikalipa kodi ya nyumba. Sasa anasema zilikuwa sehemu ya mahari, nimpeleke msichana nyumbani shule zikifungwa. Nikikataa nimevunja undugu. Nifanyeje? – Mama wa Kayole*

Mama, hiyo kodi ndiyo inayokufunga mdomo, tuanze nayo. Ulipokea pesa za ndugu yako, hukuuza mtoto. Mrudishie kaka polepole ukiweza. Ukishindwa, deni ni lako wewe na yeye, msichana halimhusu. Na ule ujumbe wa M-Pesa usiufute.

Kaka atakuambia hii ni ndoa ya kimila. Sheria ya Ndoa ya 2014 haibagui: ya kimila, ya kanisani, ya Kiislamu, chini ya miaka 18 hakuna ndoa. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inakataza yeyote kumwoza mtoto, baba mzazi akiwemo. Huyo bwana harusi, akilala na binti wa miaka 16, Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inamngojea na kifungo kisichopungua miaka 15. Mpigie kaka hesabu hiyo, aipime na ng'ombe aliowapokea.

Usimpeleke, hata "kusalimia tu". Usingoje shule zifungwe: wiki hii nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, usiku na mchana. Mwalimu wa darasa ajue kwamba anayemchukua ni wewe peke yako. Wazee wakiitisha kikao cha kuyamaliza kinyumbani, usiende na mtoto. (Vikao hivyo nimevisikia vingi. Huanza kwa maombi, huisha kwa tarehe ya harusi.)

Undugu, unasema. Kwetu shangazi ndiye huulizwa kabla binti hajaolewa. Kaka amekuruka, akakutumia pesa badala ya swali. Nani basi aliyeuvunja?

Ila barua yako nzima haina hata neno moja la msichana mwenyewe. Anajua? Leo jioni, kabla hujampigia baba yake, kaa naye umwambie yote, hata ile kodi, na hiyo 116 aikariri.