Vipimo Viko Sawa, Pumzi Haitoshi

Umepigwa eksirei, umepimwa damu na umeme wa moyo, umepuliza mashine ya mapafu, na kila jibu limekuja zuri. Lakini ngazi bado zinakuacha unatweta. Usikubali upesi kwamba ni wasiwasi tu. Vipimo hivyo hufanywa ukiwa umetulia, na ukitulia huna shida yoyote!

Mimi nilisaidiwa na kipimo cha mazoezi. Unapanda baiskeli isiyokwenda popote, unabandikwa nyaya kifuani, unavishwa barakoa inayobana kwelikweli. Pedali zinazidi kuwa nzito kidogo kidogo, kwa kawaida kwa dakika 8 hadi 12. Barakoa inapima oksijeni unayotumia na kaboni dayoksaidi unayotoa, pumzi baada ya pumzi. Hapo ndipo wataalamu huona kinachokukwamisha: moyo usiosukuma damu ya kutosha, mapafu yaliyofika ukomo, au misuli iliyolegea kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Kwangu moyo na mapafu vilibaki na akiba hadi mwisho. Tatizo lilikuwa upumuaji wenyewe, wa harakaharaka na wa juu juu, tangu pedali zikiwa bado nyepesi. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kupumua upya.

Ukienda, kanyaga mpaka ile hali unayoijua ikutokee. Ukishuka mapema kwa kuona haya jasho, utarudi na karatasi nyingine ya "sawa". Waambie kilichokushinda ni miguu au pumzi. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, sema papo hapo.

Eleza pia shida huanza lini. Sauti kali wakati wa kuvuta hewa, inayotulia muda mfupi baada ya kupumzika, mara nyingi hutoka kooni. Pumu ya mazoezi huelekea kubana zaidi dakika chache baada ya kusimama, kwa hiyo uliza kama utapuliza tena mashine baadaye; hewa unayotoa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza ikipungua kwa asilimia 10 au zaidi kuliko kabla ya mazoezi, hiyo ni dalili yake.

Nenda na viatu vya mazoezi na orodha ya dawa zako. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo hubadilisha majibu, ila usiziache bila daktari kukuambia. Na kama umepata mshtuko wa moyo karibuni, au kifua kinauma hata ukiwa umetulia, wajulishe kabla ya kupanda baiskeli.