Umempenda Rafiki Yako? Usimwandikie Usiku

Usimwandikie usiku. Nianze na hilo, maana wengi wanaoniuliza habari hizi huniuliza saa sita za usiku, ujumbe wameshauandika, wanataka tu mtu wa kuwaambia "tuma." Siwaambii. Kukuche kwanza, uoge, unywe chai yako na mahamri, kisha uusome tena. Ukiona haya kuusoma mchana, basi ni afadhali haukwenda.

Nasema kama mtu aliyeolewa na rafiki yake. Tulikuwa vijana wa Likoni, Mombasa, tukivuka asubuhi kwenda kisiwani, yeye kwenye ofisi ya mizigo karibu na bandari, mimi kwenye duka la leso Biashara Street. Feri ya Likoni haina cha mkubwa wala mdogo. Waendao kwa miguu hawalipi kitu, na kwa vile mnavyobanana mle unamjua mwenzio akiwa na jasho, akiwa na hasira, akiwa hana hata nauli ya matatu ya kumfikisha kazini. Miaka ikaenda hivyo. Yeye alichumbia kwingine, ikavunjika. Mimi nami nilikuwa na mtu wangu. Ukiniuliza mapenzi yalianza siku gani, sina siku ya kukutajia.

Ndiyo maana naipenda When Harry Met Sally, ile filamu ya Kimarekani ya mwaka 1989 iliyoandikwa na Nora Ephron na kuongozwa na Rob Reiner. Billy Crystal na Meg Ryan, ndio Harry na Sally wenyewe, wanasafiri kwa gari moja kutoka Chicago hadi New York mwaka 1977, wanabishana njia nzima, wanaachana bila hata kupeana anwani. Miaka mitano inapita, wanakutana uwanja wa ndege. Mitano mingine, wanakutana kwenye duka la vitabu, na hapo ndipo urafiki unapoanza hasa. Yote hayo kwa saa moja na nusu na ushei! Ile miaka inayorukwa, mtazamaji haioni. Sisi wengine ndiyo tuliyoishi, na humo ndimo watu wanamoharibikiwa.

Kinachowaharibia zaidi ni ushauri. Rafiki yako anakuletea habari za mchumba wake: amenuna, hapokei simu, mamake hanitaki, nifanyeje? Nawe moyoni umeshampenda. Shoga yangu, hapo jitoe. Hakimu mwenye shamba kwenye kesi hakai kitini, na wewe shamba lako ni yeye. Hata ukisema kweli tupu, siku atakayojua ulikuwa ukimpenda atarudi kupekua kila neno ulilomwambia. Msikilize, mpoze, mwambie aende kwa kaka yake au kwa mtu mzima anayemwamini. Mume wangu mpaka leo hunitania kwamba nilikuwa rafiki mbovu, kila akija na kesi ya uchumba namhamisha kwenye habari za mpira. Na anitanie tu. Uchumba ule ulipovunjika, hakuna aliyenitazama kwa jicho baya, wala yule dada hana neno nami tukikutana Marikiti.

Na wewe kaka unayesoma, usijifanye fundi wa kila kitu nyumbani kwao huku unapiga hesabu. Ukimbebea mamake gunia la mchele, liwe gunia la mchele.

Jambo ambalo filamu ile haina, na Mombasa lipo tele, ni watu. Harry na Sally wanatembea New York nzima, hakuna mzee kwenye baraza anayewauliza kitu. Hapa mkipita pamoja mkila viazi karai, habari imefika nyumbani kabla yenu. Siku moja mamangu alimtazama mwenzangu akiondoka, akafunga mlango, akaniuliza: "Mwanangu, huyu kijana huja hapa kama nani?" Wengi hukasirika wakiulizwa hivyo. Mimi naona ni swali la haki, tena lina msaada kuliko ushauri wangu wote huu, kwa sababu linakulazimisha kuchagua jina. Kama ni rafiki tu, sema rafiki tu, na uone kama sauti yako inakaa sawa.

Basi ukishajua, sema. Sema mchana, mkiwa wawili, mahali ambapo kila mmoja anaweza kuinuka akaenda zake. Mimi napendekeza Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni, kule kwenye mibuyu. Tangu pakarabatiwe mwaka 2019 pa kukaa hapakosekani, bahari iko mbele yenu ikiwa macho yatakosa pa kutazama, na mihogo ya kukaanga inasaidia mikono. Kwenye feri usithubutu. Mkiwa katikati ya mkondo, aliyeulizwa atakwenda wapi?

Yawe maneno machache. Harry anakuja mbio usiku wa mwaka mpya, anamtajia Sally vijitabia vyake vyote anavyovipenda, hata ule muda mrefu anaoutumia kuagiza sandwichi. Inapendeza kwenye kioo. Wewe usimhesabie mtu miaka uliyomngoja, kwani hakukutuma umngoje, na kumwekea hesabu hiyo mezani ni kumdai. Mwambie unampenda, si kwa urafiki tu, na kwamba hutaki jibu leo. Kisha badilisha mazungumzo, au mpande tuktuk kila mtu na yake.

Uende ukiwa tayari kwa majibu yote mawili. Hata Reiner na Ephron mwanzoni hawakuwaozesha wale wawili. Hadithi ilikuwa iishe wakiwa wametengana. Reiner alikuwa ameishi peke yake miaka mingi baada ya talaka yake, akakutana na Michele Singer, aliyekuja kuwa mkewe, wakati filamu inapigwa, ndipo akaubadilisha mwisho. Kwa hiyo hata kwenye ile filamu tunayoishangilia, ndoa ilikuja kwa bahati ya mtu mwingine kabisa. Akikukatalia, usitoke kwenye kundi la WhatsApp la marafiki kwa kishindo, wala usiwafanye wenzenu wachague upande. Punguza kuonana kwa muda, mwambie kwamba unapunguza, ili asidhani umemsusia.

Akikubali, msijipe miaka mingine ya kuzoeana, mmeshazoeana. Peleka wazee. Sisi barua ya posa ilikuja ndani ya bahasha nzuri, imeandikwa kwamba kijana wao ameona ua nyumbani kwetu. Mjomba wangu, aliyekula mbaazi na kijana huyo huyo barazani kwetu tangu zamani, akavaa kofia yake ya vito, akakohoa, akamuuliza jina lake na la babake. Naye akajibu yote kwa adabu. Mimi niko chumba cha pili na dada zangu, tumezibana vinywa kwa leso tusisikike tukicheka, mpaka shangazi akaingia kuniuliza mahari nataka nini. Hilo uwe na jibu lake tayari. Ukinyamaza, watakutajia wao.