Maswali ya Wasomaji: Feni ya Injini na Klachi Yake

SWALI: Nina Land Cruiser pikapu ya 1994, injini ya 1HZ. Barabara ikiwa wazi, mshale wa temprecha hausogei. Nikikaa kwenye foleni, au nikipanda mlima wa Kitonga na mzigo nyuma ya malori, unakaribia alama nyekundu. Rejeta imesafishwa, themostati ni mpya. Fundi anasema tuchomelee klachi ya feni izunguke moja kwa moja na pampu ya maji. Nikubali?
Msomaji, Iringa

JIBU: Usikubali, ila fundi wako hajakosea kuishuku klachi, yaani kiungo kati ya pampu ya maji na feni kinachoamua feni ishikwe au iteleze. Gari linalochemsha likiwa polepole na kupoa likikimbia lina shida ya upepo. Kwenye mwendo wa kilomita 80 upepo wa barabarani unatosha kupoza rejeta. Kitonga unapanda kwa gia ya pili, kazi ya injini ni kubwa na upepo pekee ni ule wa feni. Ingekuwa inachemsha kwenye mwendo mkubwa na kupoa kwenye foleni, tungekurudisha kwenye rejeta iliyoziba au pampu ya maji.

Ndani ya klachi hiyo kuna oili nzito ya silikoni. Usoni ina springi bapa iliyojikunja kama koili. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikipata moto, springi inajikunjua na kufungua vali, oili inaingia kwenye chemba yenye mifereji na kuishika feni. Hewa ikipoa, oili inarudi kwenye akiba yake na feni inabaki kuzunguka kivivu. Angalia kwamba springi hiyo husikiliza hewa, haisikilizi maji. Ikifunikwa na tope lililokauka inachelewa kufungua, kwa hiyo anza kwa kuisugua kwa brashi.

Kisha ipime. Asubuhi, injini ikiwa baridi na imezimwa, sukuma panga la feni kwa mkono. Linatakiwa kuzunguka kwa uzito, na kusimama kabla au mara tu baada ya kumaliza duara moja. Likizunguka mara tatu au nne kama gurudumu la baiskeli, oili imekwisha. Lisipozunguka kabisa, klachi imeganda. Shika ncha ya panga ulivute mbele na nyuma: likicheza zaidi ya milimita 6 hivi, beringi imekwisha. Vumbi lililogandana na mafuta kuzunguka kitovu ni dalili ya oili kuvuja. Baada ya safari ya moto, zima injini usukume tena. Mara hii feni iwe ngumu kuliko asubuhi. Usijaribu kuisimamisha feni kwa gazeti au fimbo injini ikiwa inawaka, hata ukimwona fundi akifanya.

Mngurumo wa dakika moja au mbili unapowasha asubuhi ni wa kawaida. Usiku oili ilishuka ndani ya chemba, sasa inarudishwa mahali pake.

Beringi ikiwa nzima, klachi ya gari lako, iliyotengenezwa na kampuni ya Aisin, inaweza kujazwa. Toyota huuza oili ya silikoni kwenye tyubu za mililita 18, zenye uzito (yaani ugumu wa kutiririka, si kilo) wa 3,000, 6,000 au 10,000. Ya 10,000 ni namba 08816-10001. Kabla ya kufungua skrubu, chora mstari upande wa klachi ili nusu mbili zirudi zilivyokuwa. Mwaga oili yote ya zamani, futa, weka tyubu mbili hadi tatu, na ulinde mpira wa duara usijeruhiwe. Oili ya injini haifai hata kidogo, ni nyepesi mno.

Ukichomelea, feni itakula nguvu na dizeli muda wote, hata alfajiri ya baridi pale Mafinga. Mzigo wa feni hupanda kwa kasi: mizunguko ikiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika ni mara nane. Beringi ya pampu ndiyo inayolipa. Na ukivuka mto, mapanga ya plastiki yaliyofungwa moja kwa moja yanavutwa mbele na maji hadi yanakata rejeta.

Kabla ya yote hayo, je, kava inayozunguka feni bado ipo? Mafundi wengi huitoa wakibadilisha mkanda na hawairudishi. Bila kava feni inazungusha hewa ileile ya moto pembeni badala ya kuvuta mpya kupitia rejeta, na hata klachi mpya haitakuokoa.

SWALI: Muuzaji ananiuliza kama nataka klachi ya kawaida au hevi duti (ya kazi nzito). Tofauti ni bei tu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Ikishika, klachi ya kawaida yenye springi huzungusha feni kwa asilimia 60 hadi 70 ya kasi ya pampu. Hevi duti hufika 70 hadi 90. Zipo pia za bei rahisi zisizo na springi kabisa, zinazoteleza kiasi kilekile wakati wote. Hizo tungeziacha.

Chagua kwa kuangalia feni. Ilaze mezani, pima kutoka mezani hadi ukingo wa juu wa panga. Inchi moja na nusu hubebwa na klachi ya kawaida. Ikifika inchi mbili na nusu, chukua hevi duti, maana klachi nyepesi itateleza na kujichoma yenyewe. Kwa joto la Pwani, tena gari likiwa na AC, pesa ya ziada haipotei.

Nenda dukani na klachi ya zamani mkononi. Linganisha umbali wa matundu ya boliti, tundu la katikati, na urefu wote toka pampu hadi feni. Urefu ukizidi, mapanga yatagusa rejeta injini inapotikisika. Acha angalau inchi moja. Ukipungua, feni inatoka nje ya kava. Mapanga yakae nusu ndani ya kava, nusu nje. Ukinunua ya mtumba, uliza ililazwaje. Klachi huwekwa wima kama ikiwa garini. Iliyolala kifudifudi rafuni miezi mingi huenda imeshavujisha oili.

SWALI: Feni ya BMW E34 yangu inagoma kufunguka. Nimevunja spana.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Nati ya milimita 32 inayofunga klachi ya feni kwenye pampu ya maji ina nyuzi za kinyume. Ukisimama mbele ya gari, fungua kuelekea inakozunguka saa. Imetengenezwa hivyo ili feni ijikaze yenyewe inapozunguka. Shikilia puli ya pampu isigeuke, kisha gonga mpini wa spana kwa nyundo pigo moja kali. Kuvuta taratibu kunazungusha puli tu. Wakati wa kurudisha, kaza kwa mkono na uongeze kidogo kwa spana. Injini itamalizia.